Mgeni Rasmi wa Kompyuta ya Sikudhani

Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo sitawataja waheshimiwa mmoja mmoja. Wenyewe wanajijua, na wasiojijua wana wapambe wa kuwakumbusha.

Nchi ya Utepeni haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuitazama. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoifahamu, afute miwani yake kwanza kabla ya kunishitaki. Ni nchi yenye amani kubwa. Amani yenyewe ilizinduliwa rasmi mwezi Agosti, mwaka ambao siukumbuki, na Waziri wa Uzinduzi wa wakati huo, uwanjani, mbele ya bendi ya tarumbeta. Kabla ya hapo wananchi walikuwa wakiishi kwa amani kiholela tu, bila kibali.

Sheria ya Uzinduzi ya Utepeni ni fupi na nzuri. Kifungu cha kwanza kinasema hakuna kitu kitakachoanza kufanya kazi, wala kuanza tena baada ya kusimama, bila mgeni rasmi, utepe na hotuba. Kifungu cha pili kinasema mgeni rasmi ni yule aliyekata utepe. Vifungu vingine mia tatu na kumi vinahusu posho.

Kifungu cha pili kiliwahi kuleta aibu. Miaka minane iliyopita lilijengwa daraja la Mto Kigugumizi, na watu wakakusanyika tangu saa mbili asubuhi kumsubiri Waziri. Saa nne walitangaziwa kwamba Waziri yuko njiani. Saa sita alikuwa njiani. Saa nane alikuwa njiani zaidi. Ilipofika saa kumi, mbuzi jike wa rangi ya majivu, mali ya Bibi Nyamizi wa ng'ambo ya mto, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba Waziri yuko njiani, alikuja akala utepe, akalia "mee" mara moja, akavuka kwenda kwao.

Wanasheria wa serikali walifungiwa hotelini siku tisa kulijadili jambo hilo. Utepe umekatwa? Umekatwa. Kwa meno, ndiyo, lakini sheria haikutaja mkasi. Hotuba imetolewa? Imetolewa, fupi, lakini ilisikika vizuri. Basi pale darajani pakawekwa jiwe la marumaru lenye maandishi ya dhahabu: LILIFUNGULIWA RASMI NA MBUZI WA BIBI NYAMIZI. Serikali ilitamani sana kuling'oa jiwe lile. Lakini kung'oa nako kunataka mgeni rasmi, na hakuna waziri aliyekuwa tayari kuonekana gazetini na nyundo.

*

Sikudhani Mtenga, mjane wa miaka arobaini na moja wa mtaa wa Vigelegele, alikuwa mwandishi wa hotuba. Hakuwa mwajiriwa wa serikali. Serikali ilimwita mzabuni wa maneno, ikimlipa kwa kila hotuba, siku ikikumbuka. Nyumbani alikuwa na ulimi mkali, kazini kalamu laini. Kila neno lililowahi kumtoka Waziri wa Uzinduzi jukwaani lilitoka kwanza kwenye kompyuta mpakato ya Sikudhani, iliyokaa chumba cha mbele juu ya meza ya cherehani bovu.

Siri ya kazi yake ni kwamba hotuba ilikuwa moja. Mwenyewe aliiita Hotuba Mama. Ilianza, "Nimefarijika sana kuwepo hapa siku ya leo," ikaendelea kurasa sita bila kumkwaza mtu. Kikizinduliwa kisima, aliandika kisima. Ikizinduliwa zahanati, alifuta kisima akaandika zahanati. Siku moja alisahau kufuta, Waziri akaisifu zahanati kwa maji yake matamu. Watu walipiga makofi, na mganga mkuu akayaingiza maji hayo kwenye taarifa ya mwaka.

Kompyuta ile aliinunua kwa mkopo wa kikoba cha akina mama wa mtaani, na bado alikuwa anawalipa. Kilichompa usingizi ni karatasi moja tu, waranti ya miaka miwili, aliyoifunga kwenye nailoni na kuilaza chini ya godoro.

Basi Jumatatu moja saa nne asubuhi, kompyuta ilizimika katikati ya sentensi. Alikuwa anaandika hotuba ya kuzindua choo cha Shule ya Msingi Subira. Choo chenyewe kilikuwa kimekamilika miezi kumi na minne nyuma. Matundu kumi, rangi ya kijani, na mlangoni mnyororo na kufuli, kikimsubiri mgeni rasmi. Wanafunzi mia nane walikuwa wakijisaidia vichakani nyuma ya uwanja wa mpira. Mmoja wao alikuwa Riziki, binti wa Sikudhani, darasa la nne, aliyekuwa ameacha kunywa chai ya asubuhi ili afike mchana bila kuaibika. Mama yake aliona kikombe kinarudi kimejaa kila siku, na kilimuuma kuliko mkopo.

Alibonyeza kila kitufe. Aliipepea, akaiombea. Kisha akainua godoro, akatoa waranti, akasoma tarehe. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane.

*

Karakana ya Mteja Mfalme ilikuwa na kibao kikubwa chenye taji. Meneja wake, Bwana Kibindo, mtu mwenye tai ndefu kuliko kimo chake, alimpokea mlangoni.

"Karibu sana, mfalme."

"Mimi ni mwanamke, kaka yangu."

"Mfalme ni cheo, mama. Tukusaidie nini?"

Sikudhani akaeleza. Bwana Kibindo aliishika ile waranti kwa mikono miwili, akaisoma kwa mapenzi kama anasoma barua ya mchumba.

"Hapa huna shida. Matengenezo ni bure kabisa. Na hiyo bure tunaitoa kwa moyo mkunjufu." Akaifunga kompyuta utepe mwekundu, akaiweka rafuni.

Sikudhani alirudi nyumbani akiimba. Baada ya wiki moja alitumiwa ankara yenye kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulisema: Matengenezo, bure. Kurasa tatu zilizobaki zilisema: maturubai manne, viti vya plastiki mia mbili, kwaya, pamoja na nauli ya kwaya, fulana mia tatu zenye picha ya kompyuta, keki yenye umbo la kompyuta, posho ya mgeni rasmi, posho ya mlinzi wake, posho ya dereva wake, posho ya mtu wa kuhakiki posho. Jumla yake ingetosha kununua kompyuta mbili mpya na jogoo wa kuzisindikiza.

Alifika karakana anatweta, kanga ya kichwani imehamia shingoni.

"Bwana Kibindo, hii nini?"

"Ankara, mfalme."

"Si uliniambia bure?"

"Na bure ipo, ukurasa wa kwanza. Waranti inalipia kutengeneza. Lakini kompyuta yako ilisimama kufanya kazi. Ikianza tena, si itakuwa imeanza? Na kitu kikianza Utepeni kinafanywaje?"

"Kinazinduliwa," Sikudhani akajibu bila kutaka, maana hata watoto wa chekechea walilijua hilo.

"Umeona? Unalijua kuliko mimi. Tena wewe ndiye unayewaandikia."

"Fundi hawezi kushika bisibisi tu akaifungua?"

Mteja mmoja aliyekuja na redio yake aliikumbatia akatoka nje.

"Mama," Bwana Kibindo akasema kwa sauti ya chini, "hayo maneno usiyarudie. Tuna leseni hapa. Nikukumbushe na lingine, ukurasa wa nne, maandishi madogo. Waranti ikiisha hujalipa, kompyuta inakuwa mali ya karakana. Wala usiwe na wasiwasi kuhusu mapokezi yake, tutaizindua sisi wenyewe."

Alipokuwa anatoka, pazia la nyuma lilifunuka kidogo. Alikuwa Fundi Yoramu, mtu mpole mwenye vidole vilivyoungua kwa risasi ya kulehemu.

"Dada," akanong'ona, "nimekitikisa kile kitu chako. Ni waya mmoja umechomoka. Skrubu nne, dakika tatu."

"Sasa si uzifungue, kaka yangu? Nani atakuona?"

"Nina watoto watano, dada." Pazia likarudi.

*

Utepeni si nchi ya dhuluma. Mteja asiyeridhika ana Tume ya Malalamiko, yenye jengo la ghorofa tatu na makamishna kumi na mmoja. Sikudhani alikwenda huko siku ya nane.

Katibu wa Tume alimpa kiti ambacho bado kimefungwa nailoni ya dukani. Viti vyote vilikuwa na nailoni. Mezani palikuwa na kalamu mpya, faili jipya, na utando wa buibui wa siku nyingi.

"Eleza shida yako, mama, lakini usiieleze rasmi," akasema Katibu.

"Kwa nini?"

"Tume haijazinduliwa. Mwaka wa sita huu tunamsubiri mgeni rasmi. Mishahara tunapokea, hilo halina tatizo, mishahara ilizinduliwa mapema. Ila kusikiliza bado."

Sikudhani akaeleza. Katibu akamtazama kwa huruma nyingi, akitikisa kichwa, na kila Sikudhani alipofika kwenye jina la karakana yeye alijiziba masikio ili asivunje sheria. Mwisho akatoa ushauri wa bure, wa kibinadamu.

"Gharama kubwa humo ni za mgeni rasmi. Nenda kwa Waziri mwenyewe. Akikubali kuja bila posho, ankara itapungua. Atakataa, lakini nenda."

*

Waziri wa Uzinduzi, Mheshimiwa Ngwale Mapambano, alikuwa amelala kochini ofisini kwake na kitambaa cha maji usoni. Alipoambiwa ni Sikudhani, aliruka.

"Dada Sikudhani! Umetutupa! Wiki nzima sina hotuba. Juzi nimepelekwa kuzindua kisima nikasimama pale kama mlingoti. Nusu saa! Wananchi walidhani ni dakika ya maombolezo, wakavua kofia. Mmoja akaniuliza nani kafa."

"Pole, Mheshimiwa. Kompyuta imeharibika, na hotuba zote zimo humo humo."

Akampa ankara. Waziri alisoma, akafika kwenye posho yake, akaugua kidogo, lakini hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba alifanya jambo ambalo halijawahi kufanyika Utepeni.

"Nitakuja bure," akasema. Msaidizi wake aliyekuwa mlangoni aliketi sakafuni. "Ndiyo, bure! Niandikie tu hotuba ya kuizindua."

"Hotuba si zimo ndani, Mheshimiwa."

"Andika nyingine kwa mkono."

Hapo Katibu Mkuu wa Wizara, mzee mkavu mwenye faili kwapani, akakohoa. Alikumbusha kwamba kwa mujibu wa kanuni, hotuba ya serikali lazima itokane na hotuba ya msemaji huyo huyo iliyotangulia, na ilinganishwe nayo neno kwa neno, ili serikali isije ikasema jambo jipya kwa bahati mbaya. Hotuba iliyotangulia iko wapi? Ndani ya kompyuta. Kompyuta itawashwa lini? Ikizinduliwa. Itazinduliwa kwa nini? Kwa hotuba.

Waziri akarudisha kitambaa usoni.

"Jaribu tu," akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Labda itafanana."

Sikudhani akachukua kalamu na karatasi. Kwa miaka kumi na miwili hakuwa ameandika neno ambalo hakulinakili, na mkono wake haukujua uanzie wapi. Kichwani mwake kilikuja kikombe cha chai kilichorudi kimejaa. Basi akaandika mistari mitatu ya choo cha Subira, akampa Waziri.

Waziri alisoma mstari wa kwanza. Jasho likamtoka.

"Dada, hii mtu ataielewa!" akasema, akairudisha haraka kama sufuria ya moto. Katibu Mkuu alikataa hata kuitazama.

Sikudhani akaikunja karatasi, akaitia kwenye pindo la kanga. Alitoka pale amevunjika moyo, sina njia nyingine ya kulisema. Siku zilizobaki zilikuwa sita.

*

Njia ya kurudi Vigelegele hupita daraja la Mto Kigugumizi. Sikudhani aliegemea ukingoni apumzike, na alipoinua macho akakutana na maandishi ya dhahabu aliyopita mbele yake kila siku kwa miaka minane bila kuyasoma. Aliyasoma. Akayasoma tena. Kisha akaanza kucheka peke yake, mpaka mwendesha baiskeli mmoja akapita akiwa amehamia upande wa pili wa barabara.

Nyumba ya Bibi Nyamizi ilikuwa ng'ambo, ina paa la bati na shamba la viazi vitamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unatafuta mayai?"

"Namtafuta Mheshimiwa."

Bibi Nyamizi hakushangaa. Alionyesha kwa kidevu. Mbuzi wa rangi ya majivu alikuwa juu ya tofali, ndevu zimemwota, anatafuna pole pole na kutazama mbali kama mtu anayefikiria bajeti.

"Bado anahesabika, bibi? Kisheria?"

"Anahesabika! Wamempa kitambulisho. Mgeni rasmi ukishakuwa umekuwa, hadhi haivuliwi." Akaingia ndani, akatoka na kitambulisho chenye picha ya pembeni, maana kwa ya mbele hakutulia. "Ila hawamwaliki. Miaka minane wanaona haya. Na wewe una shughuli gani?"

Sikudhani akamweleza yote, waya mmoja, skrubu nne, ankara kurasa nne. Bibi alisikiliza huku anamenya kiazi.

"Na posho yake ni kiasi gani?" Sikudhani akauliza kwa woga.

"Majani ya viazi, fungu moja. Hata hayo anayo hapa. Hana mlinzi, hana dereva. Hotuba yake unaifahamu. Sharti lake ni moja tu, mjukuu wangu, hapendi kusubiri. Mkichelewa anaondoka."

*

Sikudhani aliiambia karakana kwamba amepata mgeni rasmi, na uzinduzi ukapangwa. Siku ya kumi na saba, saa tatu kamili asubuhi, Mheshimiwa Mbuzi aliwasili Karakana ya Mteja Mfalme, na kwa kufika saa tatu kwa shughuli ya saa tatu akasababisha mtafaruku mkubwa. Mshereheshaji wa karakana alikuwa bado anapiga mswaki. Viti havikuwepo wala turubai, na kwaya yenyewe ilikuwa haijaamka. Kwa kuwa shughuli haiwezi kumsubirisha mgeni rasmi, mambo yote hayo yakafutwa pale pale, na kurasa tatu za ankara zikabaki hazina kazi.

Bwana Kibindo alipinga. Alisema karakana ina hadhi, na kwamba mbuzi ni mnyama. Bibi Nyamizi akatoa kitambulisho. Katibu Mkuu wa Wizara, aliyekuja mbio na faili lake, akakisoma mbele na nyuma, akakinusa, akatamka kwa uchungu kwamba ni halali. Kifungu cha pili hakijafutwa. Hotuba ya mgeni rasmi nayo, ikilinganishwa na ile ya darajani, itakuwa ni ile ile, jambo ambalo kanuni zinalisifu.

Utepe ukafungwa kutoka mlangoni mpaka rafuni. Mheshimiwa Mbuzi aliutazama, akaukaribia, akaula wote, tofauti na mawaziri ambao huacha nusu. Kisha akasema, "Mee."

"Makofi!" akalia mshereheshaji, povu la dawa ya meno mdomoni, na wapita njia wakapiga makofi, kwa mazoea tu.

Fundi Yoramu alikuwa ameshasimama na bisibisi. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaingiza vidole, akarudisha waya mahali pake, akafunga. Alitumia dakika mbili na nusu, akaomba radhi kwa kuwahi. Sikudhani alibonyeza kitufe na kioo kikawaka, na pale kwenye kioo ilikuwepo sentensi yake ya Jumatatu ile ile, imesimama ilipoachwa: "Choo hiki ni ushahidi wa." Alilia. Hakujali nani anamwona.

Lakini Bwana Kibindo hakuwa mtu wa kushindwa kwa urahisi. Alisimama mbele, akakaza tai, akaomba kusoma risala ya karakana kwa mgeni rasmi. Huwezi kumnyima mtu risala Utepeni. Akaifunua ile ankara, nakala halisi yenye muhuri, akaisoma yote kwa sauti, kutoka turubai la kwanza hadi posho ya mwisho. Alimalizia kwa kusema kwamba gharama hizo karakana ilikwisha kuziandaa moyoni, na kwamba mteja azilipe leo hii, ama kompyuta irudi rafuni.

Watu wakamtazama Sikudhani. Sikudhani akaikumbatia kompyuta. Siku moja ilikuwa imebaki, na hata angeuza kitanda asingeifikia ile jumla.

Sasa, kila aliyewahi kuhudhuria shughuli anajua kinachofuata risala. Risala ikisomwa, inakabidhiwa kwa mgeni rasmi, kwa mikono miwili, huku msomaji ameinama kidogo na mpiga picha amejiandaa. Bwana Kibindo alikuwa amesoma risala maisha yake yote. Mikono yake ilikwenda yenyewe. Aliinama, akanyoosha ankara, akageuza uso kwa mpiga picha, akatabasamu.

Mheshimiwa Mbuzi akaipokea.

Alianza na posho ya mhakiki, akapanda nayo juu taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Bwana Kibindo alipogeuza uso kutoka kwenye kamera, ilikuwa imebaki kona moja yenye neno "bure", na hiyo nayo ikaingia. Muhuri aliutafuna kwa muda mrefu kidogo.

"Nakala nyingine yenye muhuri ipo?" akauliza Katibu Mkuu.

"Ilikuwa hiyo," akasema Bwana Kibindo kwa sauti iliyotoka mbali.

Mshereheshaji aliona uzoefu wake ndio utakaoiokoa siku. Akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, mgeni rasmi ameipokea risala, na ameahidi kuifanyia kazi!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Na Katibu Mkuu alithibitisha, kwa sababu sheria haina utata hapo, kwamba jambo likishapokewa na mgeni rasmi na kuahidiwa kufanyiwa kazi, ni marufuku kwa mtu yeyote kuliulizia tena.

*

Habari zilienea. Ndani ya mwezi mmoja Bibi Nyamizi alipokea barua za mwaliko mia mbili na sita. Watu waliokuwa na visima vilivyofungwa na ofisi zilizofunikwa nailoni waligundua kwamba kuna mgeni rasmi anayefika kwa wakati na kula fungu moja la majani. Mawaziri walikaa kikao cha dharura. Hofu ilikuwa kubwa, maana posho za nchi nzima zilikuwa zinaelekea ng'ambo ya mto.

Suluhu ilitoka kwa Katibu Mkuu. Mheshimiwa Mbuzi ana umri, akasema, na majukumu yake yamekuwa mengi. Kuanzia sasa atakuwa mgeni rasmi wa shughuli zote, lakini atawakilishwa na Waziri wa Uzinduzi, ambaye atasoma hotuba kwa niaba yake. Na posho? Posho ya uwakilishi, akasema Katibu Mkuu, ni mara mbili. Kikao kikafungwa kwa vigelegele.

Shughuli ya kwanza ilikuwa choo cha Subira. Sikudhani aliagizwa hotuba. Aliifungua Hotuba Mama, akatafuta kila palipoandikwa Waziri, akaandika Mbuzi. Kisha akaisoma upya tangu mwanzo, kurasa zote sita, akitafuta kitu kingine cha kubadilisha kwa kuwa msemaji sasa alikuwa mnyama. Hakukuta hata neno moja.

Alikaa akiitazama. Akaona aibu, aibu ya kweli, ya miaka kumi na miwili. Ndipo akafungua pindo la kanga, akaitoa ile karatasi iliyokunjwa, na mistari yake mitatu akaipiga chapa mwishoni mwa ukurasa wa sita.

Katibu Mkuu aliilinganisha na hotuba iliyotangulia ya msemaji huyo, ile ya darajani, na ya pili ya karakana. Hakuona mahali popote zilipopingana. Akagonga muhuri.

Siku ilipofika, Waziri alisoma kurasa sita kwa raha zake, watu wakipiga makofi panapostahili. Alipofika mwisho alikwama. Akamtazama Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akamwonyesha kwa kidole jina la Mbuzi kwenye karatasi, kwamba si wewe unayesema, ni yeye. Waziri akashusha pumzi, akasoma kwa sauti iliyotulia, kama mtu asiye na deni.

"Choo hiki kilikwisha zaidi ya miezi kumi na minne iliyopita. Tulikifunga kwa sababu wakubwa hawakuwa na nafasi. Watoto wetu wameteseka bure, nami ninaomba radhi."

Mshereheshaji aliinua mkono ili makofi yapigwe. Hayakupigwa. Mwalimu mkuu alivua miwani akajifuta macho, na mama mmoja nyuma akasema, "Ee Mungu," basi. Waziri akakata utepe katika ukimya ule, mnyororo ukaanguka, na Riziki akatoka kwenye mstari akakimbia, kisha mstari mzima ukakimbia nyuma yake. Hakuna aliyengoja picha ya pamoja.

Nimepekua kumbukumbu zote za serikali ya Utepeni tangu ipate uhuru. Radhi imeombwa mara hiyo moja tu, na imeandikwa kwa jina la mbuzi.